Chui Mweusi Chini ya Mlima Meru

Wahenga walisema, msema pweke hakosi. Methali hii hunijia kila niitazamapo sinema ya Aaron Matthews iitwayo "A Panther in Africa", iliyoonyeshwa katika televisheni ya umma ya Marekani mwaka 2004. Habari yake yamhusu Pete O'Neal, aliyekuwa kiongozi wa chama cha Black Panther katika mji wa Kansas City. Mwaka 1970 mahakama ilimtia hatiani kwa kosa la kuvusha bunduki mpaka wa jimbo, akahukumiwa kifungo cha miaka minne. Hakukitumikia. Alikimbilia Uswidi, kisha Aljeria, na mwaka 1972 akawasili Tanzania pamoja na mkewe Charlotte. Hatimaye walijenga makao yao Imbaseni, mashariki ya mji wa Arusha.

Sifa ya sinema hii ni kwamba haikumpaka mtu wake asali. Twamwona mzee aliyeanzisha pamoja na mkewe kituo cha kuwafundisha watoto wa kijiji, na ambaye moyo wake ungali umegawanyika kati ya Imbaseni na Kansas City. Twaiona pia ndoa yao. Mke aliyemfuata mumewe uhamishoni alipata adhabu ambayo hakimu hakuitamka. Kifungo cha miaka minne kiligeuka uhamisho wa zaidi ya miaka thelathini. Hapa mtengenezaji amefaulu sana, na asiyeguswa moyo ana moyo mgumu.

Lakini swali linaloiendesha sinema ni la Kimarekani: je, alidhulumiwa, na je, atarudi? Hata jina lake lataja Afrika tu. Halitaji Tanzania, wala Meru. Nchi yetu yawa kama baraza la kungojea shauri la wengine. Mtazamaji wa Meru ana kumbukumbu nyingine. Mwaka 1951 serikali ya Kiingereza iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 katika ardhi yao ya Engare Nanyuki, ili wapewe walowezi wa Kizungu. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri hata New York, akalieleza shauri lao mbele ya Umoja wa Mataifa. Alisikizwa, ardhi haikurudishwa. Basi mgeni huyu aliyefukuzwa na sheria ya kwao aliwafikia watu waliokwisha kuonja kufukuzwa, na waliokwisha kupeleka kilio chao Marekani. Kukutana huko ndiko kiini cha habari, nami nasikitika kwamba sinema haikukifanya kuwa nguzo yake.

Huenda mwanafunzi akanipinga: mkimbizi ni mkimbizi, na katika miaka ile ile Arusha ilikuwa makao ya Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, iliyowahukumu watu waliokamatwa katika nchi mbalimbali, wakiwamo wenye redio na gazeti waliotiwa hatiani Desemba 2003. Mji mmoja utawezaje kuwa kiti cha hakimu na maficho ya aliyehukumiwa? Hoja hii ni nzito. Mauaji ya kimbari na bunduki moja havipimwi kwa mizani moja, lakini machozi si ushahidi. Geronimo ji-Jaga, mwenzake O'Neal katika chama, alikaa gerezani miaka 27 hata hukumu yake ikatanguliwa mwaka 1997. Alifariki Imbaseni mwaka 2011. Mfano huo wathibitisha kwamba mahakama za Marekani zaweza kukosea. Hauthibitishi kwamba zilikosea kwa O'Neal.

Kosa la sinema, kwa hiyo, ni kumkalisha mtazamaji katika kiti cha hakimu na kumletea shahidi mmoja. Nusu ya habari ingali kwa majirani wa Imbaseni: walimpokeaje, walimwita nani, walimwonaje? Wanafunzi wetu na waende kuwauliza wazee hao kwa Kiswahili na kwa Kimeru, na waandike majibu yao wangali hai kuyasema.