Swali Linalofuata

Mwaka 1959, mwanahisabati Paul Erdős alikaa kula chakula cha mchana na mtoto wa Kihungaria ambaye alikuwa hajatimiza miaka 12, Lajos Pósa, akamtupia swali. Tuliweke kwa namba ndogo: ukichagua namba 6 zozote kuanzia 1 hadi 10, kwa nini lazima ziwemo mbili ambazo hazina kigawo cha pamoja isipokuwa 1? Mtoto aliendelea na supu yake. Muda si muda akajibu: lazima ziwemo mbili zinazofuatana. Erdős mwenyewe hapo awali lilimchukua kama dakika 10.

Kisa hiki husimuliwa kuonyesha akili ya Pósa. Mimi navutiwa zaidi na kazi aliyokuja kuifanya ukubwani. Mwaka 1988 alianza kuendesha kambi za hisabati za mwishoni mwa juma kwa watoto wenye vipaji nchini Hungaria. Hawafundishwi mada za madarasa ya mbele. Wanapewa maswali, wanakaa katika vikundi vidogo, wanabishana. Jibu halitolewi kwa haraka. Swali lililowashinda linaweza kusubiri hadi kambi nyingine.

Ufundi wenyewe umo katika mpangilio wa maswali. Turudi kwenye zile namba 10. Mtoto akizipanga jozi jozi, 1 na 2, 3 na 4, mpaka 9 na 10, anaona wazi: jozi ni 5, namba alizochagua ni 6, kwa hiyo kuna jozi moja ameichukua yote. Anafurahi. Sasa muulize: je, katika namba hizo 6, lazima iwepo moja inayoigawa nyingine bila baki?

Atakimbilia jozi zake, nazo zitamwangusha, maana 3 haiigawi 4. Hapa ndipo wengi wetu hushindwa kujizuia, tukadokeza. Mwalimu aliyeiva hunyamaza. Mtoto atafuta, ataandika upya, atasogeza 4 karibu na 2, kisha 8 karibu na 4, na 1 mbele yao. Halafu 3 na 6. Halafu 5 na 10. Zimebaki 7 na 9, kila moja peke yake. Makundi ni 5 tena! Safari hii hakuyakuta yamepangwa. Ameyaunda mwenyewe, na hakuna atakayemnyang'anya ujuzi huo. Kuliweka swali la pili pale pale ambapo chombo cha kwanza kinavunjika, hiyo ni kazi ya miaka, na naiheshimu kuliko hotuba yoyote ya ubaoni.

Kumrusha darasa mtoto mwepesi ni rahisi, na mara nyingi kunamwongezea kasi tu. Mwalimu mwenzangu, ukiwa na mwanafunzi wa darasa la sita anayemaliza zoezi kabla ya wenzake, usimwongezee maswali 20 ya aina ile ile. Mpe namba 1 hadi 10, achague 6, na umwachie hata wiki nzima.