Neno "Amina" Lililomkwama Macbeth: Wasomaji wa Mwanjelwa na Suala la Hatia

Tamthilia ya Macbeth, aliyoiandika William Shakespeare mwanzoni mwa karne ya 17, si ngeni katika lugha yetu. S. S. Mushi aliitafsiri kwa jina la Makbeth, na Tanzania Publishing House ikaichapisha mwaka 1968, miaka mitano baada ya Mwalimu Nyerere kutoa tafsiri yake ya Julius Caesar. Tumeisoma pamoja na kikundi cha Wakristo wa Mwanjelwa, Mbeya, wengi wao wafanyabiashara wa sokoni. Katika makala haya tunapenda kuyapima maoni yao, kwa kuwa yanagusa fundisho letu la dhambi na toba.

Swali lililowagawa lilikuwa moja: ni nani hasa aliyemwua Mfalme Duncan? Wengi walijibu bila kusita kwamba ni wale wachawi watatu. Pasipo wao Macbeth angebaki askari mwaminifu. Wengine, hasa wanaume, walimtaja mkewe. Wachache tu walimtaja Macbeth mwenyewe.

Jibu la kwanza tunalielewa. Tamthilia inafunguliwa na wachawi, na kwa msomaji wa Mwanjelwa neno hilo halibaki kitabuni. Hata hivyo, wachawi wale hawamwagizi Macbeth kuua. Wanamwambia tu kwamba atakuwa mfalme. Wazo la kuua linazuka ndani yake, naye mwenyewe analishtukia. Aidha, Banquo alisimama papo hapo, akaahidiwa kwamba uzao wake utatawala, wala hakumwua mtu. Waliosikia walikuwa wawili, lakini ni mmoja aliyeshika kisu.

Jibu la pili lina umri mkubwa kuliko Shakespeare, maana Adamu alilitoa bustanini. Ni kweli kwamba mke anamchochea mumewe na kuudhihaki uanaume wake, na hatia yake haifutiki. Lakini kabla ya hapo Macbeth amekwisha kujihesabia sababu za kutoua: Duncan ni jamaa yake, ni mfalme wake, tena ni mgeni nyumbani mwake. Anajua, na bado anaua. Vivyo hivyo Yezebeli ndiye aliyepanga kifo cha Nabothi, lakini Eliya alitumwa kwa Ahabu (1 Fal. 21).

Suala hili si la darasani tu. Nchini mwetu wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Anayezoea kumtafuta mchawi nyuma ya kila dhambi yuko karibu na wauaji hao kuliko anavyodhani.

Ipo sehemu iliyowanyamazisha wasomaji wote. Mara baada ya kuua, Macbeth anasimulia jinsi alivyowasikia watu wakiomba baraka ya Mungu, akataka kuitikia "Amina", neno likamkwama kooni. Mama mmoja alisema kuwa hapo ndipo Macbeth alipokufa, si vitani. Tunakubaliana naye kwa sehemu. Ungamo la Augsburg, katika kifungu cha 12, lafundisha kwamba toba ina sehemu mbili: hofu inayoipiga dhamiri kwa kuijua dhambi, na imani inayopokea msamaha. Macbeth anayo ya kwanza kwa wingi. Ya pili haitafuti. Badala yake anaifunika damu kwa damu nyingine, ya Banquo, kisha ya mke na watoto wa Macduff.

Mkewe naye anatembea usingizini akijiosha mikono isiyotakata. Daktari anayemtazama anakiri kwamba mama huyu anamhitaji mtumishi wa Mungu kuliko tabibu. Kisha anaondoka, akiogopa kuyasema aliyoyaona, wala hatuoni mtumishi yeyote akiitwa. Hakuna msomaji wetu aliyeitaja sehemu hii. Nasi wenyewe tulikuwa tumeipita mara nyingi bila kusimama.

Katika sharika zetu watu wenye mikono kama hiyo husema ungamo la pamoja Jumapili, kisha hurudi nyumbani na mzigo wao. Maungamo ya faragha, ambayo Luther hakuyafuta, yamekuwa karibu kusahauliwa. Hatuna budi kujiuliza, sisi tunaowaandaa wachungaji, kama yule mama angeletwa kwetu usiku ule, angemkuta nani.