Mwangwi wa Bosco uanzie vidoleni

Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alifika Jadotville huko Katanga, Kongo, mji tunaouita leo Likasi, akamrekodi kijana mzaliwa wa Bunkeya aitwaye Mwenda Jean Bosco. "Masanga", kazi iliyompa jina, ilitolewa bila mwimbaji, gitaa tupu. Anayetaka kufuatilia mafungu yanayojirudia katika kazi za Bosco aanzie hapo. Wengi huanza na maneno, na maneno huwapoteza.

Maneno ya nyimbo za Katanga enzi hizo yalikuwa mali ya wote. Migodi ilikusanya watu wa Kasai, wa Rwanda na wa ng'ambo ya mpaka, upande wa Zambia ya leo, na Kiswahili chao kikawa na mafungu yaliyopita kinywa hadi kinywa: ya mapenzi, ya safari, ya pesa. Ukilikuta fungu moja kwa Bosco, kwa ndugu yake Edouard Masengo na kwa mpiga gitaa mwenzao Losta Abelo, huna namna ya kujua nani kalichukua kwa nani. Hata Bosco anapojitaja na kuwataja Bayeke, watu wa mtawala Msiri, bado hujapata alama yake, kwani watunzi wa tenzi wa pwani nao hujitaja mwishoni.

Vidole ni habari nyingine. Bosco alipiga kwa viwili: gumba likishika nyuzi nene, cha shahada kikichezea nyembamba. Sauti hizo mbili hazitembei sare. Kifungu kifupi cha juu hurudi huku mapigo ya chini yakiwa yamesogea, kwa hiyo sikio hupokea kitu kilekile kama kipya. Mtafiti David Rycroft aliinukuu "Masanga" kwa noti na kuchapisha uchambuzi wake 1961 na 1962. Naiona kazi hiyo kuwa bora kuliko orodha yoyote ya maneno, kwa sababu haiishii kuonyesha kwamba kifungu kimerudi. Inaonyesha kimerudi kikiwa kimebadilika wapi. John Low, aliyeandika *Shaba Diary*, alipita njia ngumu zaidi: alisafiri hadi Katanga kujifunza mitindo hiyo kwa wapigaji wenyewe.

Jambo moja husahaulika. Upande mmoja wa santuri ulibeba kama dakika 3 tu. Basi marudio tunayohesabu ni yale yaliyoenea kwenye sahani, wala si yote aliyopiga mtaani. Usikate shauri kwa rekodi moja. Linganisha ile ya 1952 na za baadaye, ukisikiliza gumba kwanza.

Bosco alifariki 1990. Mkusanyo wa Tracey umetunzwa Makhanda, Afrika Kusini. Wenye uwezo wafikishe nakala Likasi, vijana wa gitaa wa huko wazifanyie kazi wao wenyewe.