Konda Aliachwa Mbagala

Kumwambia kijana aifunge gemu yake ya Scratch ili aanze Python kwa hesabu za riba ni kosa, tena la wazi. Mliokuwepo kwenye klabu ya programu ya vijana pale Mbagala mnaikumbuka gemu yenyewe: daladala ya Kariakoo, konda anaruka madimbwi, abiria wanaongezeka kila kituo. Ilikuwa inachezeka. Mwalimu akasema hayo ni ya watoto, sasa tuingie kwenye programu za kweli. Ikaja skrini nyeusi na kanuni ya riba, konda akaishia hapo.

Kumbe somo lilikuwa kwa konda yule yule. Jukwaa la Scratch lina upana wa 480 na kimo cha 360, sifuri iko katikati, ukiongeza y mtu anapanda. Mpeleke Pygame, maktaba ya Python ya kutengenezea gemu: sifuri ipo pembe ya juu kushoto, na ukiongeza y anashuka. Konda badala ya kuruka dimbwi anazama kwenye lami! Kijana anayejua konda wake anavyoruka atageuza kujumlisha kuwe kutoa, amwone anapaa, na hataisahau hiyo y maisha yake. Kisha lije gumu zaidi. Kwenye Scratch kila mhusika ana skripti na lupu zake, zote zinakwenda pamoja. Pygame lupu ni moja, na wewe ndiye wa kupanga: soma kibonye, sogeza gari, angalia nani kagongana na nani, chora upya.



Nimeshalisema na nitalirudia: klabu zetu, Temeke mpaka Tegeta, zinapenda vyeti. Riba inasahihishwa dakika moja, cheti kikatoka, wakati gemu inamtaka mwalimu ainame kwenye laptopu kutafuta kwa nini gari linapenya ukuta.

Wakongwe walijua kwamba gemu yenyewe ndiyo somo. Wesley Kirinya wa Kenya, mwaka 2007, alitoa The Adventures of Nyangi, gemu ya 3D, hakungoja cheti cha mtu. Na Game Maker ya Mark Overmars, iliyotoka 1999, ilikuruhusu uchomeke mistari yako ya maandishi katikati ya vitufe, mengine uyaache yalivyo. Scratch haina nafasi hiyo, kwa hiyo kazi ya kumhamisha konda kipande kwa kipande ilikuwa ya mwalimu: wiki hii kuruka, wiki ijayo madimbwi, abiria baadaye.