Asili ya Neno Si Maana Yake: Mifano kutoka Kiayalandi

Walimu wa isimu historia tuna mazoea ya kumpa mwanafunzi asili ya neno na kumwachia hapo, kana kwamba asili ndiyo maana. Makala haya yanapinga mazoea hayo kwa kuangalia jinsi Kiayalandi kinavyowataja majirani.

Tuanze na neno "gall". Hapo mwanzo lilimtaja mtu wa Gaul, yaani Ufaransa ya kale. Kuanzia karne ya 9 likatumika kwa Waskandinavia waliovamia pwani za Ayalandi; ndiyo maana jina Dún na nGall (Donegal) ni "ngome ya wageni". Baada ya 1169 likawahamia Wanormani waliotoka Uingereza, kisha Waingereza wenyewe. Neno ni lile lile, watu ni wengine. Anayesema "gall" ni mtu wa Gaul amesema kweli, lakini hajaeleza matumizi yake.

"Sasanach", yaani Mwingereza, limetokana na Wasaksoni: kabila moja limebeba jina la wote. "Albain", ambayo leo ni Uskoti, zamani ilikuwa kisiwa kizima cha Britania. Nalo "Béarla", yaani Kiingereza, halina jina la taifa ndani yake. Shina lake ni "béal", kinywa. Hapo kale lilimaanisha lugha tu.

Wapo wanaodai kwamba jina alilopewa mtu na jirani huficha dharau, na kwamba asili yake huifichua. Hoja hii haitoshi. Hata "Gael", jina ambalo Waayalandi hujiita kwa fahari, lilikopwa kutoka lugha ya majirani wao wa Wales, na wataalamu wengi hulihusisha na mtu wa porini. Waliolipokea wamelipa maana yao wenyewe.

Suala hili linatugusa. "Swahili" limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya pwani. Kama asili ingekuwa hukumu, sisi tunaofundisha Kiswahili hapa Uganda, mbali na bahari, tungekuwa wageni katika lugha hii, na wanafunzi wetu wanaambiwa hivyo mara nyingi.

Kwa hiyo, walimu wenzangu, tunapofundisha asili ya jina tuulize pia: nani alilitoa, lilihamia kwa nani, na wenyewe wanalitumiaje leo?