Beti Zilizopita Chekeche la Wanasayansi: Mbinu ya Baba Brinkman

Msanii wa kujitegemea, yaani yule asiyefungwa na mkataba wa kampuni kubwa ya muziki, hukabiliwa na matatizo mawili yasiyoachana: mtaji wa kutengenezea kazi, na hadhira ya kuipokea. Dirk Brinkman, mghani wa rapu kutoka Kanada anayejulikana zaidi kwa jina la kisanii la Baba Brinkman, aliyakabili yote mawili kwa nyenzo ambayo wanamuziki wengi wangeiona mzigo, nayo ni sayansi pamoja na desturi yake ya kutilia shaka kila dai hadi lithibitishwe. Namna alivyofanya hivyo inaeleweka vizuri zaidi ikitazamwa kama mfumo wa machekeche mawili, la kwanza likiwa la wataalamu na la pili la jukwaani, ambapo ubeti usiopita huandikwa upya au hutupwa.

Brinkman hakuanzia kwenye sayansi. Shahada yake ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Victoria ilihusu fasihi ya Kiingereza ya zama za kati, na tasnifu yake ililinganisha mashindano ya wana-rapu na hadithi za Canterbury za Geoffrey Chaucer, ambamo mahujaji hushindana kusimulia wakiwa njiani. Tasnifu hiyo ilizaa onyesho la jukwaani lililozigeuza hadithi za Chaucer kuwa rapu, na ni onyesho hilo lililomvutia Mark Pallen, mtaalamu wa vijidudu katika Chuo Kikuu cha Birmingham, aliyemtaka amtendee Charles Darwin kama alivyomtendea Chaucer. Wakati wenyewe ulikuwa mwafaka, kwani mwaka 2009 ulitimiza miaka 200 tangu Darwin azaliwe na miaka 150 tangu kitabu chake kuhusu asili ya spishi kichapishwe. Pallen aliahidi kuyapitia mashairi na kusahihisha makosa ya kisayansi na ya kihistoria, na hapo ndipo Brinkman alipopata sifa aliyoitangaza kwa bidii kubwa: rapu iliyopitiwa na wataalamu kama zinavyopitiwa makala za majarida ya kisayansi kabla ya kuchapishwa.

Sifa hiyo ilikuwa na kazi zaidi ya kutafuta watazamaji. Nadharia ya mageuko, inayoeleza jinsi viumbe hai wanavyobadilika kizazi baada ya kizazi, ni rahisi kuipotosha kwa neno moja dogo. Anayesema kwamba twiga alirefusha shingo ili afikie majani ya juu amekwisha kukosea, kwa sababu "ili" hiyo inampa twiga nia, ilhali uteuzi asilia, ambao ndio msingi wa hoja ya Darwin, hauhitaji nia yoyote: shingo zilitofautiana kwa urefu, wenye urefu uliofaa wakaacha watoto wengi zaidi, na watoto wakarithi. Mshairi anayesaka kina hujikuta akisukumwa kwenye makosa ya aina hii, kwa kuwa neno linaloafiki sauti si lazima liafiki ukweli, na msomaji mtaalamu huona upotoshaji ambao sikio la mshairi limeuzoea.

Hata hivyo, rapu ina nafasi ambayo tungo nyingi za kimapokeo hazina. Katika shairi la Kiswahili la arudhi mizani huhesabiwa, kwa kawaida 16 katika mshororo wa tarbia, hivyo istilahi ndefu hula nusu ya kipande na kumwacha mtunzi akihangaika. Katika rapu kinachohesabiwa ni midundo, minne kwa kila bari, na ubeti wa kawaida una bari 16. Idadi ya silabi zinazosongamana kati ya mdundo na mdundo huachwa kwa pumzi na ulimi wa mghani. Ndiyo maana hoja yenye masharti, mifano na hata pingamizi yake inaweza kuingia katika ubeti mmoja bila kukatwa mikono na miguu.

Chekeche la pili lilikuwa jukwaa la Edinburgh Fringe, tamasha la Uskoti lililoanza mwaka 1947, ambalo halina kamati ya kuchagua washiriki: yeyote anayepata ukumbi na kubeba gharama zake anaweza kuonyesha kazi yake, na aghalabu huirudia siku baada ya siku mbele ya hadhira mpya. Onyesho lililotokana na ombi la Pallen, yaani mwongozo wa mageuko kwa rapu, lilipata huko tuzo ya Fringe First, inayotolewa na gazeti la The Scotsman kwa kazi mpya za jukwaani. Katika mojawapo ya nyimbo zake Brinkman aliufanya utaratibu huo kuwa mada, akidai kwamba kuonyesha, kupokea mwitikio na kurekebisha ndiyo mageuko yenyewe katika utamaduni. Mlinganisho huo unavutia, lakini una ufa. Mabadiliko ya jeni hutokea bila kujali mahitaji ya kiumbe, ilhali mtunzi hurekebisha ubeti akijua anachotaka. Kwa hiyo anafanana zaidi na mfugaji achaguaye njiwa wa kuzalisha, mfano ambao Darwin mwenyewe aliutumia katika sura ya kwanza ya kitabu chake.

Mbinu nyingine ilikuwa kuazima nyimbo ambazo mashabiki wa rapu walikwisha kuzizoea. Wimbo wa kundi la rapu la Mobb Deep wa mwaka 1995, ambao jina lake linatokana na msemo wa Herbert Spencer kuhusu kusalimika kwa walio bora, aliutumia kuingiza utafiti wa Martin Daly na Margo Wilson uliochapishwa mwaka 1997 kuhusu mitaa 77 ya Chicago. Watafiti hao walikuta kwamba matarajio ya kuishi ya wanaume, hata baada ya kuondoa vifo vya mauaji, yalianzia takriban miaka 54 katika baadhi ya mitaa hadi 77 katika mingine, na kwamba pale maisha yalipokuwa mafupi mauaji yalikuwa mengi na akina mama walizaa wakiwa na umri mdogo zaidi. Ufafanuzi wao ni kwamba mtu asiyetarajia kuishi muda mrefu ana sababu ya kuharakisha mambo na kuthubutu hatari. Kwa mghani hii ilikuwa hazina, kwani ilimwezesha kuzisoma simulizi za mitaani kama mwitikio wa mazingira, si kasoro ya watu. Lakini uwiano wa takwimu pekee hauthibitishi chanzo, na ubeti wenye kishindo hauachi nafasi kubwa kwa tahadhari hiyo.

Tatizo zito zaidi linajitokeza katika wimbo alioazima kwa dead prez, wanamuziki wawili wa Marekani ambao mwaka 2000 waliwahimiza watu weusi wa nchi hiyo kujitambua kuwa Waafrika. Brinkman aliupanua ujumbe huo uwahusu binadamu wote, akaigeuza hadhira kuwa waitikiaji. Kisayansi hakuna kosa, maana visukuku na jeni vinaelekeza asili ya binadamu wa leo barani Afrika, na visukuku vya Omo Kibish kusini mwa Ethiopia ni miongoni mwa ushahidi huo. Ila pale ukumbi wa Wazungu unapoitikia kwa furaha, dai la kisiasa la watu walionyang'anywa asili yao limeyeyuka, na hakuna mtaalamu wa vijidudu wala kipimo cha makofi kinachoweza kugundua kilichopotea.

Kiuchumi, mfumo ulijilipa. Wellcome Trust, taasisi ya Uingereza inayofadhili utafiti wa afya, iligharimia video za nyimbo hizo kwa ajili ya elimu, na mwaka 2011 onyesho lilihamia SoHo Playhouse mjini New York, katika daraja la Off-Broadway, yaani kumbi zenye viti kati ya 100 na 499. Ikafuata miongozo ya rapu kuhusu dini, tabianchi na fahamu, huu wa mwisho ukimshirikisha Anil Seth, mtaalamu wa ubongo wa Chuo Kikuu cha Sussex, kama mshauri. Kila mada ilikuja na wateja wake: vyuo, mikutano ya kitaaluma na wafadhili wenye bajeti ya kuelimisha umma. Baadaye Brinkman alianzisha Event Rap, kampuni inayowakodisha waghani kufupisha mijadala ya mikutano kwa beti, ambako chekeche la wataalamu limebaki lakini anayelipa ndiye mwenye mkutano.