Mtangazaji Anayeaminika

Tangazo la godoro humpima mtangazaji kuliko mahojiano na waziri. Waziri anakuja na maneno yake. Ukimuuliza vizuri, nusu ya kazi imekwisha. Godoro halina la kusema. Kuna karatasi iliyoletwa na watu wa masoko, ina jina la duka, bei, namba ya simu na neno "punguzo" lililorudiwa mara nne. Mtangazaji ana sekunde 30 kati ya wimbo na taarifa ya habari, na huko nyumbani yuko mama anayechoma maandazi ambaye hakuwasha redio ili auziwe godoro.

Mgeni wa kazi huisoma karatasi kama ilivyo, kwa sauti ya mnadani. Mkongwe huipitia kwanza kimyakimya wimbo ukiendelea. Hufuta "punguzo" tatu kati ya nne, kisha huongeza ambacho karatasi haina: duka linatazamana na nini, na ukitoka stendi unashukia kituo gani. Halafu hulisema tangazo lile kwa sauti ileile aliyotumia dakika mbili nyuma kuwapa pole watu waliolowa na mvua. Namba ya simu huitaja mara mbili, taratibu, kwa kuwa anajua kuna mtu anatafuta kalamu. Jioni mwenye duka anapokea wateja, na wengine hawasemi kwamba wamesikia tangazo. Wanasema wametumwa na fulani wa redioni.

Huo ndio ufundi ninaotaka kuusifu hapa. Redio ya biashara huishi kwa matangazo, na mfanyabiashara analipia kitu kimoja tu: imani ambayo wasikilizaji wanayo kwa mtu anayezungumza. Imani hiyo ni ya mtangazaji, ndiye aliyeichuma, na ndiye atakayeipoteza akiiuza ovyo. Ukimwona mtu amekaa miaka 20 au 30 kwenye redio hizi, ujue amekuwa akiitumia kwa kipimo.

Kwa Tanzania redio binafsi ya biashara bado ina umri mdogo. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, na kuanzia hapo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, aliyetaka kuishi kwa kutangaza alikuwa na mwajiri mmoja, serikali. Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 ikafungua mlango. Radio One ikaingia hewani mwaka 1994, zikafuata Radio Free Africa ya Mwanza, Clouds FM ya Dar es Salaam na vituo vingine vingi vya mikoani. Mafundi wa mwanzo walitoka Radio Tanzania, redio ya serikali. Charles Hillary, aliyefariki Mei 2025, alipita Radio Tanzania na Radio One kabla ya kwenda Deutsche Welle na BBC, kisha akarudi nyumbani Azam. Mafundi hao walikuja na nidhamu waliyofundwa Radio Tanzania: kutochanganya "l" na "r", kutamka jina la kijiji kama wanakijiji wanavyolitamka, kusoma tangazo la msiba bila kulifanyia maigizo. Walichokuta kipya ni kumtegemea mteja. Redio ya serikali ilikuwa inawalipa hata biashara ikidorora. Huku, mdhamini akiondoka, kipindi nacho kimeondoka.

Safari ya kikazi ninayoifikiria mara kwa mara ni ya Julius Nyaisangah, ambaye nchi nzima ilimwita Uncle J. Alivuma Radio Tanzania, akahamia Radio One, na miaka yake ya mwisho alikuwa Morogoro akiongoza Abood Media, hadi alipofariki Oktoba 2013. Kuna watakaosema kutoka Dar es Salaam kwenda redio ya mkoani ni kushuka ngazi. Mimi naona redio ya mkoani ndiyo inayombana mtangazaji zaidi. Kwenye redio ya taifa msikilizaji anaijua sauti yako. Mkoani anajua unaponunua nyama. Ukisifia godoro ambalo baada ya miezi mitatu limebonyea katikati, mwenye godoro hatapiga simu kituoni wala hataandika barua. Atakusubiri soko la Mawenzi, akuulize mbele ya watu.

Isitoshe, mawimbi ya FM husafiri kwa mstari, kama macho yanavyoona, na mlima huyazuia. Mji wa Morogoro umekaa chini ya Uluguru upande wa kaskazini. Kijiji kilichojificha nyuma ya milima hakiupati mtambo wa mjini mpaka kijengewe mwingine. Kwa hiyo redio ya mkoa ina wasikilizaji wake wanaohesabika: watu wa mji huu, vijiji hivi na barabara hii. Mtangazaji hawezi kumpoteza mmoja akitumaini kumpata mwingine mbali. Atazungumza na walewale, na watoto wao, mpaka astaafu.

Sasa tuingie studio tumtazame fundi akifanya kazi. Vituo vingi vya mikoani hujiunga na idhaa za nje kwa taarifa ya habari. Tuseme saa 7:00 mchana kituo kinajiunga na Deutsche Welle. Bonn haimsubiri mtu wa Morogoro. Ikifika saa saba kamili taarifa inaanza, umemaliza sentensi au hujamaliza. Mgeni hukata wimbo katikati ya kiitikio, au humaliza mapema akabaki kubabaika huku akitaja saa mara tatu. Mkongwe huhesabu kwa kurudi nyuma. Wimbo wa mwisho una dakika 3 na sekunde 40. Kiashirio cha kituo kina sekunde 12. Basi wimbo uanze saa 6, dakika 56 na sekunde 8, na yeye awe amenyamaza sekunde ya saba. Tangazo la godoro, salamu za mwisho na kumuaga mgeni aliyekuwa studio vyote vimeshapangwa visivuke hapo. Kule nje msikilizaji anasikia wimbo umeisha wenyewe, kituo kimejitaja, habari zimeanza. Hajui kama kuna mtu alipiga hesabu, na hana sababu ya kujua.

Ufundi mwingine wa namna hiyo uko mwanzoni mwa wimbo. Nyimbo nyingi za dansi hutanguliza ala, sekunde 20 au zaidi, kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Hicho ndicho kiwanja cha mtangazaji. Anaweza kuutaja wimbo, kumsalimu mtu wa Kilosa, kukumbusha saa, na sauti yake ikatoka pale pale ya mwimbaji inapoingia. Ili kufanya hivyo lazima awe anaujua wimbo kwa kuusikiliza, maana urefu ulioandikwa kwenye kompyuta hauonyeshi mwimbaji anaanza wapi. Lazima pia ajue kwamba chemko, ile sehemu ya wimbo inayochangamka, ikianza, mtu aliyelipenda dansi hataki kusikia neno la mtu. Na Morogoro huko hakuna pa kujificha. Huu ni mji wa Salum Abdallah na Cuban Marimba, mji wa Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz. Anayepiga zilipendwa Jumapili akasema wimbo wa bendi ya Super Volcano ni wa Morogoro Jazz, simu itaita kabla wimbo haujafika nusu, na mpigaji atakuwa mzee aliyekuwepo ukumbini. Mkongwe humshukuru, hurekebisha hewani, na huiandika namba yake. Wiki ijayo mzee yule ndiye mgeni wa kipindi.

Kisha kuna simu za wasikilizaji, ambako nimeona watangazaji wenye sauti nzuri wakiaibika. Mpigaji anaanza na kero ya maji, mara anamtaja mwenyekiti wa mtaa kwa jina na kumwita mwizi. Mtangazaji ana pumzi moja ya kuamua. Akimwacha, kituo kinaweza kuitwa mbele ya Kamati ya Maudhui ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na aliyetajwa anaweza kwenda mahakamani. Akimkatia simu kwa ukali, amewaambia wasikilizaji wote kwamba kero zao hazitakiwi. Mkongwe huingia kwa upole: "Kaka yangu, hapo kwenye maji nimekuelewa vizuri. Ni siku ya ngapi sasa hayatoki?" Jina limeachwa njiani, kero imebaki. Baada ya wimbo anampigia mtu wa mamlaka ya maji na kumleta hewani ajibu. Mpigaji anaona amesikilizwa, mwenyekiti hajavunjiwa heshima, na mtaa mzima unasubiri jibu.

Miaka ikipita, kazi hubadilika mikononi mwa mtu. Aliyeanza enzi za santuri na mikanda alikuwa na fundi mitambo ng'ambo ya kioo. Yeye aliinua kidole tu, muziki ukashuka. Redio za biashara zikapunguza watu, na mtangazaji akatakiwa aongee, apandishe na kushusha sauti, apange matangazo kwenye kompyuta na ajibu ujumbe wa simu, yote kwa wakati mmoja. Zamani salamu zilikuja kwa kadi zilizojazwa kwa kalamu. Sasa zinakuja WhatsApp, nyingine kwa sauti. Halafu ikaja Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, na kanuni zake zikataka mwandishi awe na stashahada angalau. Baadhi ya waliojifunza kazi kwa kuketi pembeni ya waliowatangulia wakarudi darasani, wakakaa dawati moja na vijana waliokua wakiwasikiliza. Mtu aliyezoea kuitwa mkongwe anayekubali kuitwa mwanafunzi ana sababu mojawapo ya kudumu.

Kudumu huko si lazima kuwe kwenye kituo kimoja. Magazeti yetu huandika habari za watangazaji kuhama kwa neno la mpira, usajili, na kweli wapo wanaosajiliwa kila baada ya muda. Gardner G. Habash alihama vituo na kurudi, na bado wasikilizaji wa kipindi cha Jahazi cha Clouds FM walimjua kama nahodha wao hadi kifo chake Aprili 2024. Mwenzake wa kipindi hicho, Ephraim Kibonde, alifariki Machi 2019, siku chache baada ya mazishi ya Ruge Mutahaba, aliyekuwa kiongozi wao wa kazi. Misiba hiyo ilionyesha jambo ambalo wahasibu wa vituo hawawezi kulitia kwenye vitabu. Watu ambao hawakuwahi kukutana na marehemu hata mara moja waliomboleza kama wamefiwa na ndugu. Ni ule udugu wa kila jioni ndani ya daladala, foleni ikiwa imesimama, sauti ileile ikikwambia mvua inakuja.

Udugu huo ndio unaotiwa majaribuni leo. Matangazo ya kubeti yamejaa, na yapo ya dawa moja inayodaiwa kutibu kisukari, presha na ndoa iliyolegea. Pesa zake ni nzuri na kituo kina mishahara ya kulipa. Mtangazaji wa siku moja atasoma chochote. Anayetaka kuzeekea kazini hujua kwamba mama wa maandazi akinunua chupa ile kwa sababu yeye ameisifia, akaacha dawa za hospitali, hilo ni deni litakalomfuata hata akihamia kituo kingine. Ndiyo maana nawastahi wanaowaambia watu wa masoko: tangazo hili lirekodini kwa sauti nyingine, mimi kwa mdomo wangu sitalisema. Kukataa kwa namna hiyo hakusikiki hewani, na hakuna tuzo inayotolewa kwa ajili yake.

Wenye vituo wanapaswa kulielewa hili kwanza. Si siri kwamba watangazaji wengi wa mikoani hufanya kazi bila mkataba wa maana, wengine kwa posho ya nauli, na wakichoka huletwa kijana mwingine mwenye sauti ya radi. Sauti ya radi inapatikana kila mwaka vyuoni. Mtu anayejua wimbo unaanzia wapi, kijiji kinatamkwaje, mpigaji atulizwe vipi na tangazo lipi likataliwe, huyo hutengenezwa kwa miaka 10 na zaidi, na akiondoka huondoka na wasikilizaji wake. Mpeni mkataba, mpeni bima, mwekeni kijana pembeni yake ajifunze. Na wewe kijana unayepewa kiti hicho, anza na karatasi ya godoro: isome kwanza peke yako, na usimwambie msikilizaji kitu ambacho usingeweza kumwambia mama yako.